Maneno yaliyo chini ya picha

Kule Ushongo, kijiji cha pwani kilichoko kusini ya mto Pangani katika Mkoa wa Tanga, lilibandikwa siku moja tangazo la mkutano ambalo kila aliyelisoma aliondoka na siku yake. Lilikuwa tangazo safi, limepigwa chapa kwa kompyuta, lina kichwa cha herufi kubwa na mchoro wa ufuko. Mchoro huo ulionyesha mahali pa kuegesha vyombo na njia ya kushukia baharini, nayo njia hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya mkutano. Lakini mstari uliotaja siku ulisema: "Mkutano utafanyika siku ya Juma", na hapo maneno yakaingia chini ya mchoro, yasionekane tena.

Msomaji na ahesabu mwenyewe. Katika siku saba za Kiswahili, tano huanza kwa Juma. Ni Alhamisi na Ijumaa tu ambazo msomaji wa tangazo lile angeweza kuziondoa katika hesabu yake. Waliozoea mikutano ya mwisho wa juma walisema ni Jumamosi. Wengine wakasema Jumapili, kwa kuwa watumishi hawako kazini. Wavuvi walitazama mwezi badala ya ukuta, wakaona maji ni ya kwenda dago, wakaenda zao. Mzee mmoja alituuliza kwa upole ambao ulituchoma kuliko matusi: "Wanangu, mmeandika siku ya Juma. Juma yupi? Maana hapa kijijini wako wengi."

Mkutano ulikuwa wa Jumanne. Waliofika hawakutimiza akidi, ukaahirishwa.

Hatutamtaja mwenye duka la steshenari aliyelitoa tangazo lile katika mashine yake, kwani hatia yake ni ndogo. Tangazo tuliliandaa sisi. Tuliliandika kwa mikono yetu, tukaliona zuri katika kioo cha kompyuta yetu, tukalipeleka likachapwe, na watu wetu wakalibandika bila kulisoma tena. Tunaandika makala haya kwanza kwa kuungama, na pili kwa sababu tumeona tangu siku ile kwamba viongozi, makatibu na walimu wengi katika mwambao wetu wanafanya kosa hilo hilo, nao hawajui kwamba ni kosa lenye jina na sababu.

Pengine yuko atakayesema kwamba hilo ni jambo dogo. Sisi hatukubaliani naye. Ushongo ni kijiji cha wavuvi na, kwa wakati huo huo, ni mahali pa hoteli za wageni. Ufuko mmoja unahitajiwa na mwenye ngalawa na mwenye vitanda vya kulalia jua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mamlaka hayo yamewekwa mikononi mwa wananchi waliokutana, na wananchi hawawezi kukutana ikiwa hawakuambiwa siku. Tangazo ndilo mlango wa mkutano. Mlango ukizibwa, hata kama umezibwa na mchoro mzuri wa ufuko, mwananchi amebaki nje.

Tulipolirudia tangazo katika kompyuta yetu tuliliona lilivyokuwa mwanzo: "siku ya Jumanne", neno zima, na mchoro umekaa mahali pake kwa adabu, hatua kadhaa chini ya mstari. Tulidhani tumerogwa. Kumbe faili moja lilikuwa na sura mbili, moja kwetu na nyingine dukani, na ili kulielewa hilo ilitupasa tujifunze jambo ambalo hakuna aliyetufundisha: waraka ulio ndani ya kompyuta si ukurasa mmoja. Ni kurasa kadhaa zilizolaliana.

Neno linalotumika ni tabaka. Sisi tuliolelewa katika siasa ya chama tulilizoea neno hilo kwa maana nyingine, ya wanyonyaji na wanyonywaji, na tunakiri kwamba lilitufaa hapa pia, kwa kuwa katika waraka vilevile wako wanaokaa juu na wanaokaliwa. Tabaka la kati ni la maneno. Hayo hutiririka kama maji katika mfereji: ukiongeza neno juu, yote ya chini yanasogea, ukipunguza, yanapanda. Juu ya maneno liko tabaka la picha na michoro inayoelea mbele yake. Chini ya maneno liko tabaka jingine la picha zinazokaa nyuma. Na nyuma zaidi ya hapo, katika programu ya Word, yapo mambo ya kichwa cha ukurasa na mguu wake, ambamo huwekwa yale maneno makubwa yaliyofifia, kama RASIMU au SIRI, yanayokatiza karatasi mshazari. Jicho huyaona yote kwa pamoja likadhani ni kitu kimoja. Mashine haioni hivyo hata kidogo.

Mwenye shaka anaweza kuhakikisha kwa mkono wake. Na achukue nakala ya faili la Word, yale ambayo jina lake huishia kwa docx, abadilishe mwisho wa jina uwe zip, kisha alifungue. Atakuta kwamba lililokuwa waraka ni kikapu. Maneno yamo katika faili moja. Picha zimo katika folda yake, mbali na maneno. Na katika faili la maneno, pale inapotakiwa picha, pameandikwa agizo tu: letee picha fulani, iweke umbali huu kutoka ukingo wa karatasi. Ipo hata alama ya 0 au 1 inayosema kama picha ikae mbele ya maneno au nyuma yake, na namba nyingine inayopanga picha zenyewe kwa zenyewe, ipi impande mwenziwe. Mpango huo ulitangazwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2008, kwa hiyo si siri ya kampuni moja.

Zamani mambo hayakuwa hivi, wala hayakuweza kuwa hivi. Gazeti la Kiongozi lilipochapwa hapa Tanga, katika shule ya serikali ya Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, herufi zilikuwa vipande vya risasi vilivyopangwa kwa mkono ndani ya fremu, na picha ilikuwa kipande cha madini au cha mti kilichochongwa. Vipande viwili vya madini haviwezi kukaa mahali pamoja. Mpangaji aliyetaka picha ilimbidi aondoe maneno, na aliyetaka maneno ilimbidi apunguze picha. Ugumu wa madini ulikuwa mlinzi wa msomaji. Hata katika enzi ya stensili na mashine ya kurudufu, ambayo wazee wetu katika ofisi za chama waliitumia miaka mingi, mpiga chapa aliyetaka kuchora ramani aliikwangua kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi ile ile yenye nta aliyoipigia herufi, na kama mchoro ungekata neno angeliona pale pale, kabla nakala ya kwanza haijatoka.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kulalia kwa matabaka ni ubaya, au kwamba kumeletwa na kompyuta. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kwenda shule ya serikali tulilikuta jambo hilo mapema kuliko kompyuta. Misahafu ya zamani sana iliandikwa kwa umbo la herufi peke yake; irabu zikaja baadaye, nazo katika nakala nyingi zilitiwa kama nukta za wino mwekundu juu na chini ya herufi nyeusi, ili asiyejua asome sawasawa na anayejua aone kwamba nukta zile si za mwandiko wa asili. Hilo ni tabaka juu ya tabaka, na kazi yake ni kufafanua. Kadhalika vitabu vya fikihi tulivyosomeshwa: matini katikati, sharhe ikiizunguka, na hashiya pembeni kabisa, kila moja katika mipaka yake iliyopigiwa mstari. Ukurasa ulijaa mpaka pomoni, lakini hatukuwahi kuona hashiya ikikanyaga matini. Mwalimu wetu angeona jambo hilo kuwa ni utovu wa adabu.

Na mama zetu wana leso zao, ambazo kila mtu wa mwambao huu anazijua. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Mji unaweza kuwa na maua, mkorosho, mnara au picha ya kiongozi. Jina lina kisanduku chake chini ya mji, limeandikwa kwa herufi nene, na hakuna jani wala ua linaloruhusiwa kuingia humo. Kila rangi huchapwa kwa zamu yake juu ya nguo, kwa hiyo kanga nayo ni matabaka. Lakini aliyeichora alijua kwamba mnunuzi anaweza kuisamehe rangi, bali jina lisilosomeka halinunuliwi na mtu.

Basi kompyuta ilifanya nini kipya? Ilimwondolea mpangaji ule ugumu wa madini. Programu ya kwanza iliyoonyesha katika kioo ukurasa kama utakavyotoka katika karatasi iliitwa Bravo, nayo ilitengenezwa mwaka 1974 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Mmoja wa waliyoitengeneza, Charles Simonyi, alikwenda baadaye Microsoft, na Word ikatoka mwaka 1983. Kwetu sisi kazi hiyo ilikuja kusema Kiswahili mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulipotoa Jambo OpenOffice, yenye amri zake zote kwa lugha yetu. Tunaikumbuka kwa heshima. Jinsi ile inavyofanya kazi ni ile ile: picha inaweza kuburutwa kwa kipanya na kuachwa popote, juu ya kitu chochote, na hakuna kinachopiga kelele.

Picha huweza kuwekwa kwa namna mbili kubwa, na yote mengine ni matawi. Namna ya kwanza ni kuifanya kama herufi. Picha hukaa ndani ya mstari, baina ya neno na neno, na maneno yakisogea nayo husogea, kama abiria aliyekwisha kuketi. Picha ya namna hii haiwezi kufunika maneno. Programu ya Word ya miaka hii huiweka picha hivyo tangu inapoingizwa, na ni sisi wenyewe tunaoibadilisha kwa kuwa tunataka kuiburuta huku na huku.

Namna ya pili ni picha inayoelea. Na hapa waundaji wa programu walichagua alama ambayo mtu wa Ushongo haihitaji kufafanuliwa: ukiibofya picha inayoelea, kando ya aya fulani hutokea alama ya nanga. Maana yake ni kwamba picha, japo inaelea, imefungwa katika aya ile. Aya ikivuka kwenda ukurasa wa pili, picha huvuka nayo. Ukiifuta aya yote pamoja na nanga yake, picha huzama na wewe hujui imekwenda wapi. Hayo twayaelewa. Lakini nanga hiyo ina kamba ndefu, na hapo ndipo penye hatari. Chombo chaweza kutia nanga katika aya ya tatu, kikakaa umbali wa vidole kumi chini yake, na umbali huo ukawa umepimwa kutoka ukingo wa juu wa karatasi badala ya kupimwa kutoka katika aya. Maneno yanaposogea, chombo kinabaki pale pale, na maneno yanapita chini yake kama samaki.

Ndivyo lilivyotupata. Tuliingiza mchoro wa ufuko, tukauburuta mpaka upande wa kulia, tukauchagulia kukaa mbele ya maneno kwa kuwa vinginevyo ulikuwa "unaharibu mistari". Kisha tukaupatia nafasi kwa kubonyeza kitufe cha kushuka mstari mara saba au nane, mpaka tukaona uwazi wa kutosha. Kila mpiga chapa asiyefundishwa hufanya hivyo. Katika kompyuta yetu uwazi ule ulilingana na mchoro barabara. Dukani Pangani walikuwa na programu nyingine, na hawakuwa na aina ya herufi tuliyoitumia. Kompyuta isipokuwa na herufi iliyotajwa huchukua nyingine inayofanana nayo, na ile iliyochukuliwa ilikuwa pana kidogo. Kichwa cha tangazo kilichokuwa mstari mmoja kikawa miwili. Aya ya mwanzo iliyokuwa mistari mitatu ikawa minne. Kila kitu kikashuka, isipokuwa mchoro, uliokuwa umepimwa kutoka ukingo wa karatasi. Mstari wenye siku ukaja kusimama mahali palipokuwa uwazi, ukaingia nusu chini ya mchoro, na neno Jumanne likakatwa pale pale lilipokuwa na maana.

Hatukuamini kwamba tofauti ya unene wa herufi yaweza kuahirisha mkutano wa kijiji. Sasa tunaamini.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. La kwanza ni la maneno yaliyotakiwa kuonekana yasionekane. La pili ni la maneno yaliyotakiwa yasionekane, na mwandishi akadhani hayaonekani.

Mbele ya Ushongo, ndani ya bahari, kiko kisiwa cha Maziwe. Wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje mirefu. Miti hiyo iliangushwa na mmomonyoko kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, na leo Maziwe ni fungu la mchanga. Maji ya bamvua yakijaa, fungu hufunikwa. Mgeni asiyejua akipita saa ile husema hakuna kitu. Nahodha wa hapa hasemi hivyo, kwa kuwa anajua kilichofunikwa kipo, na kitampasua chombo. Mivinje ndiyo iliyoondoka. Fungu limefunikwa tu. Katika waraka wa kompyuta tofauti hiyo ni hiyo hiyo, na wengi wetu tunaichukulia kuwa si kitu.

Karani akitaka kuficha jina la mgonjwa, au kiasi cha fedha, au namba ya kitambulisho katika orodha anayoitoa nje ya ofisi, huchora kisanduku cheusi juu ya maneno yale. Katika kioo maneno yametoweka. Akilichapa faili katika karatasi, yametoweka kweli, kwa sababu karatasi haina matabaka. Wino wote umekuwa kitu kimoja. Lakini akilituma faili lenyewe, ametuma kisanduku na maneno yake pamoja. Aliyelipokea hukiburuta kisanduku pembeni akasoma. Hata likigeuzwa kuwa PDF, mara nyingi maneno yamo bado, na mtu huyachagua kwa kipanya, akayanakili, akayabandika mahali pengine.

Hayo yamewapata wakubwa kuliko sisi. Tarehe 4 Machi 2005 ofisa wa usalama wa Italia, Nicola Calipari, aliuawa mjini Baghdad kwa risasi za askari wa Marekani katika kizuizi cha barabara. Jeshi la Marekani lilitoa ripoti ya uchunguzi yenye sehemu nyingi zilizozibwa kwa rangi nyeusi, na haikupita muda wasomaji wakagundua kwamba ilitosha kunakili na kubandika ili kuyasoma yote yaliyozibwa. Mwezi wa Januari mwaka 2019, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani waraka wenye mistari iliyofunikwa kwa jinsi hiyo hiyo, na waandishi wa habari wakaisoma. Jeshi kubwa na mawakili wa gharama wamenaswa na mtego huu. Karani wa kata hana kinga yoyote dhidi yake isipokuwa kujua.

Picha iliyokatwa nayo ni hivyo hivyo. Ukiipunguza picha ndani ya Word ili ibaki sura ya mtu mmoja na kuwaondoa waliosimama naye, wale walioondolewa wamo bado ndani ya faili, wanangoja mtu avute ukingo warudi, isipokuwa kama umeiamuru programu ifute sehemu zilizokatwa.

Na muhuri je? Katika ofisi zetu tumezoea muhuri upigwe ukilalia sahihi, wino wa bluu juu ya wino wa kalamu, na aliyeanzisha desturi hiyo alikuwa na akili: mihuri na sahihi zikikaliana haziwezi kutenganishwa bila karatasi kuchanika. Siku hizi muhuri hupigwa picha, sahihi hupigwa picha, na zote mbili huwekwa katika faili zikielea mbele ya maneno. Umbo ni lile lile la zamani. Maana yake imegeuka juu chini. Muhuri unaoelea unaweza kung'olewa kwa mbofyo mmoja na kubandikwa katika barua nyingine ambayo mwenye muhuri hakuiona maisha yake. Anayetuma faili la Word lenye picha ya muhuri na sahihi yake ni kama aliyetuma barua akatia ndani ya bahasha na mhuri wenyewe wa mpira, kwa ajili ya matumizi ya baadaye. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki, lakini usalama wa sahihi hiyo unatokana na kufungamana kwake na mwenyewe na waraka wake hata badiliko lolote liweze kugundulika. Picha ya wino haina fungamano hilo.

Tumewaona pia wale wanaopenda picha ikae nyuma ya maneno: nembo kubwa, au bendera, au kasa wa Maziwe akiogelea chini ya aya nzima. Katika kioo hupendeza. Mashine ya fotokopi ya kijijini haina mzaha wa rangi; bluu ya bahari hugeuka kijivu, kijivu hugeuka cheusi katika nakala ya tatu, na maneno meusi juu ya bahari nyeusi hayasomeki. Anayetaka kuwahimiza wananchi wasiguse mayai ya kasa amuweke kasa wake juu ya ukurasa au chini yake, si chini ya sentensi.

Tunawaomba basi makatibu wenzetu, walimu na vijana wanaoendesha maduka ya steshenari wafanye machache. Picha katika tangazo la wananchi iwekwe kama herufi, katika aya yake peke yake. Atakayefanya hivyo huenda akakuta picha imebaki kijisehemu chembamba kama utepe. Asishtuke wala asirudi kwenye kuelea, maana ni kwamba nafasi ya mistari katika aya ile imefungwa kwa kipimo kimoja kisichobadilika, na ikifunguliwa picha itainuka yote. Faili lipelekwe kwa mchapaji likiwa PDF, ili herufi zisafiri pamoja na waraka. Linalotakiwa kufichwa lifutwe, lisifunikwe. Na karatasi iliyotoka mashinini isomwe na mtu kabla haijatiwa gundi, kwa kuwa kioo kimeonyesha kilichoko kwetu, nayo karatasi ndiyo itakayosomwa na wananchi.

Tangazo la pili tuliliandika upya. Siku, tarehe na saa tuliziweka mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ya jina la mkutano, na mchoro wa ufuko tukauweka mwisho, chini ya sahihi, mahali ambapo hakuna neno la kufunikwa. Halikuwa zuri kama la kwanza. Tulilipeleka sisi wenyewe, tukamtafuta yule mzee aliyetuuliza habari za Juma, tukamwomba alisome kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakisubiri samaki. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akalirudia neno Jumanne mara mbili akiwatazama wenziwe. Wavuvi waliokuwa dago walirudi Jumatatu jioni.